Presha ya Mama, Damu ya Mtoto: Kwa Nini Kichanga Naye Anapimwa?

Mwangaluka, msomaji! Kama umekulia Tabora, salamu hii si ngeni kwako. Kama hukukulia huko, basi leo umejua kumwamkia Mnyamwezi asubuhi. Sasa tuingie kwenye mada.

Chukua mfano wa mama wa kufikirika kutoka Ntalikwa, moja ya kata za Manispaa ya Tabora. Mimba yake ina wiki 35. Kliniki nesi anampima presha, anakuta 150/100. Anampumzisha, anampima tena baada ya saa kadhaa, bado iko juu. Mkojo nao una protini. Anaandikiwa rufaa kwenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, na huko anajifungua salama mtoto wa kilo 2. Mtoto analia, ananyonya, kila mtu anashukuru. Halafu daktari anaagiza mtoto atolewe damu akapimwe. Bibi wa mtoto anahamaki: "Mwenye presha ni mama yake. Huyu mnamtoa damu ya nini?"

Swali la bibi ni zuri sana, na jibu lake ndilo makala yetu ya leo.

Kwanza, presha yenyewe

Ukipimwa presha unapewa namba mbili. Ya juu ni msukumo wa damu kwenye mishipa wakati moyo unapobana. Ya chini ni msukumo unaobaki moyo unapolegea. Kwa mjamzito, 140/90 au zaidi, ikionekana mara mbili kwa kupishana angalau saa 4, inahesabiwa kuwa presha ya juu. Ikifika 160/110 hiyo ni kali, na hapo hakuna kusubiri kesho.

Kuna mama anayeingia kwenye mimba tayari ana presha. Kuna mwingine ambaye presha inampanda baada ya wiki ya 20, hajawahi kuwa nayo kabla. Na kuna ambaye pamoja na presha anapata protini kwenye mkojo, au figo, ini au damu yake inaanza kuharibika. Hali hii ya mwisho ndiyo inayoweza kuishia kwenye degedege, ndiyo maana watu wanaiita kifafa cha mimba. Kusema kweli jina hilo linatisha na pia linapotosha kidogo, kwa sababu mama anaweza kuwa mgonjwa sana kabla hata hajatetemeka kidole.

Duniani tatizo hili hupata kati ya mimba 2 na 8 katika kila 100. Tanzania imepiga hatua kubwa kwenye vifo vya uzazi: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16. Lakini presha ya mimba, pamoja na kutokwa damu nyingi, bado iko kwenye orodha ya juu ya vinavyobaki kuua.

Mzizi wa mambo uko kwenye kondo

Watu wengi wanadhani damu ya mama inaingia moja kwa moja kwa mtoto, kama mfereji unaomwagia shamba. Hapana. Kwa kawaida damu hizi mbili hazichanganyiki. Zinakutana kwenye kondo la nyuma, kila moja upande wake, zikitenganishwa na ukuta mwembamba. Oksijeni na chakula vinavuka kwenda kwa mtoto, uchafu unavuka kurudi kwa mama.

Tabora yenyewe inatusaidia kuelewa. Enzi za misafara, njia iliyotoka pwani ya Bagamoyo ilifika Unyanyembe, na pale mizigo ilipangwa upya: mingine ikaelekea Ujiji, mingine kaskazini. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walikuta mji huo, wao wakiuandika Kazeh, tayari ni kituo kikubwa cha biashara. Aliyeishi Ujiji alitegemea mzigo ufike Unyanyembe kwanza. Njia ya Ugogo ikifungwa, Ujiji wanakosa vitu hata kama Bagamoyo maghala yamejaa.

Kondo ni Unyanyembe ya mtoto. Sasa, mimba inapokuwa changa, seli za kondo huchimba kuingia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kuitanua mishipa midogo ya mama. Mishipa iliyokuwa myembamba inakuwa mipana, na damu inapita kwa wingi, taratibu, bila kubanwa. Kwa akina mama wengi wanaopata kifafa cha mimba, hasa kile kinachoanza mapema, kazi hii haikukamilika. Mishipa inabaki myembamba. Mimba inakua, mahitaji yanaongezeka, lakini njia ni ileile.

Kondo lenye njaa ya damu huanza kumwaga kemikali kwenye damu ya mama. Kemikali hizo hukwaruza kuta za ndani za mishipa yake mwili mzima: ndipo presha inapanda, figo zinavujisha protini, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu. Kwa hiyo presha unayoipima mkononi ni moshi tu. Moto uko kondoni, na ulianza wiki nyingi nyuma.

Na upande wa pili wa kondo hilo kuna mtu mwingine anayepata mgao pungufu.

Mtoto anajibu kwa kutengeneza wapagazi

Chembe nyekundu za damu ndizo zinazobeba oksijeni. Ziite wapagazi. Mtu mwenye afya ana takriban milioni 5 za hizo kwenye kila maikrolita ya damu, yaani kwenye tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti.

Unajua kwa nini wanariadha wa Kenya wanakwenda kufanyia mazoezi Iten, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari? Hewa ya kule ina oksijeni kidogo. Mwili ukigundua hivyo, unatoa homoni iitwayo erithropoietini, inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Mzigo ni mdogo kwa kila safari, basi ongeza wapagazi.

Mtoto aliye tumboni kwa mama mwenye kondo lenye njaa anafanya vilevile. Tofauti ni kwamba erithropoietini yake inatoka hasa kwenye ini, wakati kwa mtu mzima inatoka kwenye figo. Amri inatoka: zalisha! Na uzalishaji ukiwa wa haraka hivyo, hata chembe ambazo hazijakomaa zinatolewa barabarani. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini. Hizi changa bado zina kiini chake ndani, na ukiona nyingi mno kwenye damu ya kichanga ujue tumboni kulikuwa na shida ya oksijeni.

Utasema, si vizuri kuwa na damu nyingi? Hapa kuna mtego. Chembe nyekundu zikizidi, damu inakuwa nzito. Zikichukua zaidi ya asilimia 65 ya ujazo wa damu, damu inaanza kupita kwa shida kwenye mishipa midogo. Mtoto anaweza kuwa mwekundu kupita kiasi, mlegevu, asiyenyonya vizuri, sukari yake ikashuka. Na chembe hizo zikifa zinaacha rangi ya njano, kwa hiyo siku chache baadaye macho na ngozi vinaweza kugeuka manjano.

Karakana moja, mafundi walewale

Sasa twende kwenye sehemu ambayo kwangu ndiyo inayovutia zaidi.

Chembe zote za damu zinatoka kwa mama mmoja: seli za asili zinazoweza kugeuka chembe nyekundu, chembe nyeupe au chembe sahani. Chembe sahani ni vipande vidogo vinavyoziba tundu mshipa ukichanika. Ni kama karakana moja ya fundi seremala inayotengeneza viti, meza na vitanda. Mteja mkubwa akija na oda ya vitanda 500 kwa haraka, mbao na mafundi wote wanahamia kwenye vitanda. Meza zitasubiri.

Hayo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi kuhusu kwa nini watoto wa akina mama wenye presha ya mimba mara nyingi wanazaliwa na chembe sahani pungufu, yaani chini ya 150,000 kwa maikrolita. Uboho umeelekezwa kwenye chembe nyekundu. Tatizo ni uzalishaji mdogo zaidi kuliko uharibifu.

Chembe nyeupe aina ya neutrofili nazo zinapungua. Hizi ndizo askari wa kwanza kufika bakteria wanapoingia. Mwaka 1989, watafiti wawili wa Marekani, Koenig na Christensen, waliandika kwenye jarida la New England Journal of Medicine kwamba kati ya vichanga wa akina mama wenye presha waliowafuatilia, karibu nusu walikuwa na upungufu wa neutrofili. Kazi yao iliyofuata ilionyesha kuna kitu kinachotoka kwenye kondo chenyewe ambacho kinazuia neutrofili kutengenezwa.

Lakini ngoja. Kama uboho umeacha kutengeneza vitu hivi viwili, kwa nini upungufu unaonekana haraka hivyo? Angalia umri wa kila chembe. Neutrofili ikishaingia kwenye damu haimalizi hata siku nzima. Chembe sahani inaishi siku 7 hadi 10. Chembe nyekundu ya kichanga inaishi miezi miwili hadi mitatu. Ukisimamisha uzalishaji leo, askari wanapungua kesho, wazibaji wanapungua wiki hii, na wapagazi utawaona bado wapo tele.

Umri huohuo ndio unaotupa matumaini. Mtoto akishazaliwa, anavuta hewa kwa mapafu yake mwenyewe na kondo linabaki nyuma. Amri ya dharura inasitishwa. Kwa watoto wengi neutrofili hurudi ndani ya siku chache. Chembe sahani huendelea kushuka kidogo hadi kama siku ya 2 mpaka ya 4, kisha hupanda, na nyingi zinakuwa sawa kufikia siku ya 10 hivi. Wengi hawahitaji kuongezewa chochote.

Basi hatari iko wapi?

Iko kwenye siku hizo chache. Mtoto wa presha mara nyingi anazaliwa njiti, kwa sababu dawa pekee inayoondoa chanzo cha ugonjwa ni kuzaa na kondo kutoka. Njiti ana mishipa laini kichwani, ngozi nyembamba, na kinga ambayo bado haijakaa sawa. Mpunguzie wazibaji wa mishipa na askari kwa wakati mmoja, na utaona kwa nini daktari wa Kitete hataki kubahatisha. Watoto waliozaliwa mapema zaidi, waliodumaa tumboni, au ambao mama zao walikuwa na presha kali ndio huathirika zaidi.

Kuhusu maambukizi, tafiti hazisemi lugha moja: baadhi zimekuta watoto wenye neutrofili pungufu wanaugua zaidi, nyingine hazikuona tofauti kubwa. Kwa mhudumu, maana yake ni kumwangalia mtoto kwa karibu, siyo kumpa kila mmoja dawa za antibayotiki.

Na kiasi cha damu? Bibi ana haki ya kuuliza. Mtoto wa kilo 2 ana damu kama mililita 170 mwilini mwote, yaani takriban nusu chupa ya soda. Ndiyo maana kwenye maabara nzuri anachukuliwa kidogo sana, nusu mililita tu, kwenye kichupa chenye kofia ya zambarau. Ndani ya kichupa kuna kemikali inayozuia damu isigande.

Kipimo chenyewe kinaitwa FBP, picha kamili ya damu. Mashine inazipitisha chembe moja moja kwenye tundu jembamba lenye umeme, na kila chembe inayopita inatikisa umeme kidogo. Mmarekani Wallace Coulter ndiye aliyepata hataza ya njia hii mwaka 1953. Mashine inahesabu maelfu kwa sekunde chache, lakini haina macho. Inaweza kudanganyika namna mbili ambazo zinatuhusu hapa:

Moja, damu ikichukuliwa kwa kuminyaminya kisigino, chembe sahani hushikana mafungu. Mashine inahesabu fungu kama kitu kimoja, na mtoto anaonekana ana upungufu ambao hana.

Mbili, zile chembe nyekundu changa zenye kiini, mashine nyingi hasa za zamani huzihesabu kama chembe nyeupe. Fikiria sasa: mtoto wa presha ana changa hizo kibao na neutrofili chache. Jibu linatoka "chembe nyeupe ni za kawaida", kumbe nusu ya askari waliohesabiwa ni wapagazi. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara anapaka damu kwenye kioo, anaitia rangi, na kuichungulia kwa hadubini. Kama unasomea maabara, kumbuka hilo siku utakayoletewa sampuli ya kichanga: mashine ikikwambia kila kitu ni shwari, jicho lako bado lina kazi.

Si kila kitu ni presha

Chembe sahani pungufu kwa kichanga zinaweza kuletwa na mengine. Maambukizi ya bakteria yanazishusha haraka, na hayo hayasubiri. Malaria nayo, ambayo mkoa wa Tabora unaifahamu vizuri, hukaa kwenye kondo na kupunguza mgao wa mtoto kwa njia yake yenyewe. Mama anaweza kuwa na presha na malaria kwa pamoja.

Kanuni moja inayosaidia: mtoto wa presha mwenye chembe sahani pungufu kiasi, anayenyonya na kuchangamka, pengine atapona mwenyewe huku akiangaliwa. Zikishuka chini ya 50,000, au mtoto akiwa mlegevu, wa baridi au wa moto, au zikaendelea kushuka baada ya wiki ya kwanza, lazima kutafutwe sababu nyingine.

Kinachoweza kufanyika, na lini

Kwa kuwa moto unaanzia kondoni mapema, kinga nayo ni ya mapema. Mama aliye kwenye hatari kubwa, kwa mfano aliyewahi kupata kifafa cha mimba au mwenye presha ya siku nyingi, anaweza kuandikiwa aspirini ya dozi ndogo. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2017 ulikuta aspirini, ikianzwa kati ya wiki ya 11 na 14 kwa walio kwenye hatari, ilipunguza kwa asilimia zaidi ya 60 ile aina inayolazimisha mtoto azaliwe njiti. Ikianzwa baada ya wiki ya 20 faida inayeyuka. Tafadhali usijinunulie dukani. Dozi na mtu wa kupewa vinaamuliwa na mhudumu.

Kalsiamu nayo inasaidia pale chakula kinapokuwa na kalsiamu kidogo. Hapa Tanzania ina mchango wake: Dar es Salaam wajawazito 11,000 waliokuwa kwenye mimba ya kwanza walishiriki utafiti uliochapishwa Januari 2024, sambamba na wengine 11,000 wa India. Swali lilikuwa kama miligramu 500 kwa siku zinatosha badala ya 1,500. Kwa kuzuia kifafa cha mimba, dozi ndogo haikuwa duni: Dar waliopata ugonjwa walikuwa karibu asilimia 3 kwenye makundi yote mawili. Dozi ndogo ina maana vidonge vichache na gharama ndogo, jambo kubwa kwa mama anayetembea kuifuata zahanati. Kwenye sahani, usidharau dagaa wa Kigoma: unawala na mifupa yao, na kalsiamu imo humo.

Shida ni kalenda. Wajawazito wengi wanaanza kliniki mimba ikiwa kubwa tayari. Msimu wa kulima unapoanza, karanga na tumbaku havisubiri, na mimba ya miezi miwili haionekani. Lakini miezi hiyo ndiyo mishipa ya kondo inatanuliwa au inashindwa kutanuliwa. Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12. Siku hiyo ndipo presha yako ya kawaida inapoandikwa kwenye kadi. Bila hiyo, wiki ya 35 nesi hana cha kulinganisha.

Presha ikishakuwa kali, magneziamu salfeti inazuia degedege. Utafiti wa Magpie wa 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu.

Mtoto naye ana vyake. Sindano ya vitamini K baada ya kuzaliwa: haiongezi chembe sahani, ila inasaidia upande mwingine wa kuganda kwa damu, kwa hiyo mwenye upungufu anaihitaji kweli. Maziwa ya mama, yanayobeba kinga wakati askari wake ni wachache. Na kwa njiti, kukaa ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa 2021 ulikuta kuanza hivyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wadogo sana kwa robo, kutoka asilimia 15.7 hadi 12.

Kwa hiyo bibi, na wewe msomaji ambaye pengine una dada, shangazi au mke mjamzito, yashike haya. Kichwa kinachouma bila kupoa, macho kuona ukungu au nyota, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla: ni safari ya hospitali leo, hata kama bodaboda ni ya kukopa. Kwa mtoto: madoa madogo mekundu au ya zambarau kwenye ngozi, kitovu kinachovuja damu, kugoma kunyonya, kupumua haraka, mwili wa baridi au wa moto. Mrudishe alikozaliwa siku hiyohiyo, na sentensi ya kwanza kumwambia mhudumu iwe hii: "Mama yake alikuwa na presha." Maneno matano tu, lakini yanamwambia daktari aanzie wapi kutafuta.